Zambarau ya Sulasih

Jumanne asubuhi Sulasih alianika uani blauzi nyeupe, kitambaa cha kichwa cha kijani, batiki ya kahawia na sare ya shule ya bintiye. Alipomaliza kukaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, akatoka kuzigeuza nguo. Zote zilikuwa zambarau, isipokuwa sare ya mtoto. Akaingia ndani kuvaa blauzi nyingine ya kabatini. Alipofunga kifungo cha mwisho, nayo ikawa imegeuka.

Pale kijijini zambarau ni rangi ya wajane. Mumewe, Wagiyo, hakuwa akijali hayo. Binti yao alimpa jina Lembayung, ile zambarau inayobaki angani jua likishazama. Mama yake Wagiyo, Bi Lasiyem, alinuna wiki nzima.

"Majina yote yaliyojaa duniani, wewe umeona hilo?"

"Ni rangi tu, mama."

Mwaka wa pili sasa Wagiyo alikuwa kisiwa kingine, kwenye kiwanda cha kuyeyusha nikeli.

Jirani yao Ngatini alikuja kuomba pilipili, akamtazama Sulasih toka juu hadi chini.

"Tangu lini, dada?"

"Leo asubuhi."

"Pole, mwenzangu."

Hakuchukua tena pilipili. Kabla ya adhuhuri wanawake walishaleta mchele na kuni, na wanaume wakatandika mikeka ya kisomo. Sulasih hakulia siku hiyo, maana kulikuwa na watu wa kulisha. Alilia kesho yake, akimfunga Lembayung kamba za viatu, na mtoto akamsubiri amalize.

Wiki iliyofuata alikwenda ofisi ya kampuni mjini. Karani alitazama nguo zake, kisha orodha.

"Mume wako yupo, mama. Ameingia zamu leo alfajiri."

"Basi niongee naye."

"Yuko kazini."

"Nipeni mwili wake nikamzike."

"Mtu aliye kazini hana mwili wa kukabidhiwa, mama." Karani akashusha sauti. "Shemeji yangu naye yuko huko. Mimi nasoma kilichoandikwa."

Kwenye orodha jina la Wagiyo lilikuwa zambarau. Chini yake yalikuwepo mengine kumi na moja ya rangi hiyohiyo. Karani aligonga muhuri juu ya kila moja, akafungua ukurasa mwingine.

Kwa kuwa hawakuwa na tarehe nyingine ya kifo, walihesabu siku kuanzia ile Jumanne. Siku ya mia, wakiandaa chakula cha kisomo, tarishi alileta bahasha ya kampuni. Sulasih alifuta mikono, akaisoma akiwa amesimama.

"Wanasemaje?" aliuliza Bi Lasiyem.

"Wanampongeza, mama. Wanasema hajakosa kazi hata siku moja."

Bi Lasiyem aliitikia kwa kichwa.

"Mwanangu hakuwa mvivu," alisema, akavuta jani jingine la mgomba, akaendelea kufunga wali.