Usimguse Florami

Kazi ya mwamuzi wa waogeleaji wa masafa marefu ni kukaa kwenye ngalawa, kufunga mdomo na kuangalia mikono ya watu. Mtu wa ngalawani akimgusa mwogeleaji, hata kwa ncha ya kidole, safari imekwisha, na hakuna rufaa. Sheria hiyo sikuitunga mimi, lakini naipenda, kwa sababu huku kwetu watu wana mikono isiyotulia. Na mkono usiotulia kuliko yote niliyowahi kuamua ni wa Consorcia.

Mwaka jana alimtoa bintiye majini kwa kumvuta nywele. Florami alikuwa ameogelea kutoka Liloan, upande wa kisiwa cha Cebu, kisiwa cha Negros kiko mbele yake na mapaa ya Sibulan yanahesabika, msuli wa mguu ukambana. Akapiga ukelele mmoja tu. Mama mtu hakungoja wa pili. Msichana alilia njia nzima, si kwa maumivu bali kwa hasira, na tangu siku ile nyumbani kwao wanaongea kwa kupeana chumvi na sahani.

Jumapili hii wakarudi pwani ya Liloan, wote wawili wamenuna, na mwamuzi nikawa mimi tena. Florami aliyasema maneno yake mbele yangu, makusudi, ili niwe shahidi.

"Mama, ukinivuta leo, sirudi nyumbani. Naenda Manila kwa baba, na usinitafute."

"Na ukizama?"

"Nikitaka kutolewa nitanyoosha ngumi juu. Bila ngumi, usiniguse. Hata nikilia. Hata nikikuita."

"Utaniita halafu nikae tu?"

"Ukae tu."

Consorcia akachutama mchangani, akafungua chupa ya mafuta ya nazi yenye vipande vya tangawizi, akaanza kumkanda bintiye miguu, kuanzia paja hadi katikati ya vidole. Nikacheka kwa pua. Nafundisha michezo shuleni huu mwaka wa ngapi sijui, na bado kila nyumba inaniambia habari za pasma: ati misuli iliyochoka ikikutana na maji inatetemeka na kukakamaa, ndiyo maana aliyeshinda akipiga pasi hanawi mikono mpaka kesho yake. Daktari hawezi kukuandikia dawa ya pasma. Mama yako anayo.

"Unanikaanga, Mama?" Florami akasema. "Nikiruka mawimbi nitalia chwaa."

"Kaangika tu. Mwaka jana hukupakwa, ukaona."

Florami alipoingia majini na ngalawa ikawasha injini, Consorcia alimgeukia Teban, mwenye chombo.

"Nifunge."

"Nini?"

"Mkono huu wa kushoto. Nifunge kwenye nguzo ya turubai. Wa kulia niachie, nimpe kinywaji. Mimi najijua, Teban."

Teban akanitazama. Sheria haikatazi mtu kufungwa.

"Dada, fundo langu ni la nguruwe wa sikukuu," akasema. "Halifunguki likivutwa."

"Basi mimi ndiye nguruwe. Funga!"

Mwanzo ulikwenda vizuri, na ndicho kilichonitia wasiwasi. Florami alikuwa akiogelea kwa kisirani. Mateke yalikuwa makubwa kuliko yanayohitajika, na vidole vya miguu kavinyoosha kwa nguvu kama anayetaka kutoboa kitu. Mguu wa namna hiyo haufiki mbali. Mbaya zaidi, hakunywa. Consorcia alimnyooshea chupa kwa mti mrefu, maji ya dafu yaliyotiwa chumvi, na msichana akapita bila kugeuza shingo.

"Kunywa, Flor! Funda moja tu!"

"Baadaye!"

"Baadaye lini? Mwalimu, mwambie!"

"Mwamuzi hana mdomo, mama."

Na kweli sina. Nikimshauri mwogeleaji nimeivuruga safari. Lakini iliniuma, nawaambia. Nilimwona mtoto anakwenda kubanwa na msuli kama unavyomwona mtu anarudi kinyumenyume kwenye shimo, nami nimekaa na filimbi yangu shingoni.

Katikati ya mlangobahari mkondo ulianza kumsukuma kusini. Akaongeza mateke. Consorcia akamnyooshea chupa tena, akaikataa tena. Negros ikawa kubwa, minazi ikaonekana mmojammoja, nikaanza kujidanganya kwamba nimekosea.

Mara akasimama. Hakupiga kelele. Alikunja mwili akashika mguu wa kulia, kichwa kikazama, kikaibuka, kinywa wazi kimejaa maji.

"Mguu! Mama, mguu!"

Teban akazima injini.

"Mama! Nishike!"

Consorcia aliruka. Mwili wote ulikwenda ukafika ukingoni, kamba ikamkamata, akarudishwa akaangukia goti. Akaruka tena. Nguzo ikalia. Alikuwa akivuta mkono wake mwenyewe kana kwamba anataka kuuacha nyuma.

"Kata, Teban! Kata!"

Teban akatoa kisu. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa namtazama Florami, natafuta ngumi. Hakukuwa na ngumi. Mikono yote miwili ilikuwa chini ya maji, inapigana na mguu. Nikatia filimbi mdomoni. Nikipuliza, Teban anajirusha, mtoto anatoka mzima, na kesho yake anapanda meli ya Manila. Nisipopuliza, na kichwa kikazama kisirudi, nitakwenda kumwambia nani? Niliogopa, na sioni haya kusema.

"Ngumi hakuna," nikamwambia Teban. "Subiri."

Consorcia alinisikia. Akaacha kuvuta. Akapiga magoti pale ukingoni, akapaza sauti ambayo sikuijua kuwa anayo, sauti ya kumwamsha mtoto aende shule.

"Florami! Acha kupigana! Lala chali!"

"Siwezi!"

"Unaweza! Chali! Tumbo juu, masikio majini. Uso wako nauona? Bado siuoni! Haya, sasa nauona. Pumua."

Akalala chali. Alikuwa akilia, lakini anaelea.

"Sasa shika vidole, vivute vije kwako. Goti linyooke!"

Nikaona mguu unatokeza juu ya maji, shavu la mguu limejikusanya fundo gumu chini ya ngozi. Florami akashika vidole. Vikamponyoka. Akashika tena, vikamponyoka, na kwa kujikunja akazama mpaka puani.

"Vinateleza! Mafuta yako, Mama! Mafuta yako haya!"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibomoka vile. Consorcia alitazama kiganja chake cha kulia, bado kinang'aa mafuta, halafu akatazama huku na huku ngalawani kama aliyepoteza ufunguo. Mwaka mzima, nilikuja kuambiwa baadaye, mtoto alipobanwa na msuli kitandani, ni yeye aliyekuwa akiukunjua. Hata walipokuwa hawaongei. Mikono yake ilijua la kufanya, ila haikuwahi kuulizwa kwa maneno.

Akaketi kitako, akainua mguu wake mwenyewe juu ya ukingo, akavua kilemba, akakipitisha chini ya vidole vyake kwa mkono mmoja na meno.

"Nitazame mimi! Taulo, Flor! Ninavyokufanyia na taulo! Vua kofia!"

Mkono wa msichana ukatoka majini, umefumbwa. Ngumi. Nikavuta pumzi ya kupuliza. Ngumi ikaenda kichwani, ikang'oa kofia ya mpira, nywele zikamwagika majini. Nikaitoa filimbi mdomoni.

Akapitisha kofia kwenye vidole kama kanda, akashika ncha zake mbili, akavuta. Kofia haikuteleza.

"Polepole! Usivute kwa hasira, huo ni mguu wako, si wangu! Vuta mpaka Salamu Maria iishe. Salamu Maria, umejaa neema..."

Teban akaitikia, kisu mkononi. Nami nikaitikia. Sala si ushauri, na atakayenishitaki kwa hilo aje tuonane. Tulipofika "saa ya kufa kwetu" Consorcia alisita, akaruka maneno hayo, akaanza upya.

Fundo lililegea taratibu. Tuliliona likishuka.

"Usianze kuogelea!" Consorcia akasema. "Kunywa kwanza."

Mti ukanyooshwa. Florami akainyakua chupa, akaimaliza, akaiachia.

"Sasa mikono tu. Miguu iburute. Ukiipiga teke hata moja nakuja na kamba yangu."

"Kamba gani?"

"Ogelea!"

Kipande kilichobaki kilikuwa kirefu kuliko vyote. Alikwenda kwa mikono, kofia ameiuma kwenye meno, na kila alipotaka kuharakisha mama yake alimkemea.

Sibulan ina mchanga mweusi. Sheria inasema mwogeleaji atoke mwenyewe, mwili wote upite alama ya maji. Florami alisimama, akapiga hatua, mguu ukamkataa, akaanguka. Teban alikuwa ameshakata kamba. Consorcia aliruka majini na nguo zake akamfikia kabla ya wimbi la pili, akasimama kando yake, mikono nyuma ya mgongo, kaikamata mwenyewe.

"Nyanyuka," akasema kwa sauti ndogo. "Siwezi kukusaidia. Nyanyuka, mwanangu."

Florami alitambaa. Kwa viwiko na goti moja alitambaa, na mama akatembea naye sambamba, kisigino kwa kiwiko, bila kumgusa. Miguu ilipopita alama ya maji nilipuliza filimbi kwa nguvu zangu zote.

Consorcia akaanguka juu yake. Nikageuka nikatazama bahari, maana mwamuzi naye ana macho yanayovuja. Nilipogeuka tena, Florami alikuwa ameushika mkono wa kushoto wa mama yake. Kipande cha kamba bado kilikuwa kimening'inia, na chini yake kifundo cha mkono kimechunika mpaka nyama nyekundu.

"Nani amekufunga?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nilijua ukiniita tu, nitakuja."

Florami akamwambia Teban amletee ile chupa ya mafuta. Akafungua fundo la nguruwe kwa meno, akamimina mafuta kiganjani, akaanza kukanda mkono ule kuanzia kwenye kiwiko kuteremka, akikwepa jeraha. Wimbi likaja, na Consorcia akanyoosha kiganja aoshe damu.

Mtoto akamrudishia mkono kifuani.

"Usinawe, Mama. Mkono umechoka. Ngoja mpaka kesho, usije ukapata pasma."