Yaya Mwenye Watoto Wawili

Honorine alikuwa amempakata Odile jikoni, mtoto akinyonya, Bibi Delphine alipoingia huku akivaa glavu na kusema kwamba leo wanakwenda kwenye maonyesho.

"Kuna picha mjini watu wanakufa kwa kicheko," alisema. "Mchoraji kaipaka nukta tupu, kama mtu mwenye surua. Na unajua kachora wapi? Kisiwa chako, Honorine. Kile unachompeleka Odile kupunga upepo."

Chuchu ikamtoka mtoto mdomoni. Honorine akairudisha kwa kidole.

"Na mimi nije, Bibi?"

"Odile atamtaka nani akilia? Mama mkwe naye anakuja. Vaa utepe wako mpya."

Honorine aliijua picha ile. Alikuwemo ndani yake.

Yeye alitoka milima ya Morvan, kule ambako wasichana huzaa, huacha vitoto vyao kwa bibi zao, na kupanda treni kwenda Paris kuuza maziwa yao. Ndivyo alivyoapa mbele ya mama mkwe wa Delphine, yule ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa: kwamba mwanawe yuko mlimani, kwamba ziwa lake halitaguswa na mdomo mwingine ila wa Odile. Daktari alikamua tone moja juu ya ukucha wake, akauinamisha kuona kama linateleza au linaganda, akatikisa kichwa kukubali. Bi Mkubwa akasema, "Maziwa ya watoto wawili ni maji. Nikisikia umempa mwingine, utatoka na nguo ulizovaa."

Naye aliapa uongo. Firmin wake hakuwa mlimani. Alikuwa kwa Zélie, dada yake, mfuaji nguo kwenye mashua za dobi chini ya daraja, akinyweshwa uji mwepesi kwa chupa inayonuka. Mtoto alikuwa amekauka, ngozi imemkaa kama soksi ya mtu mwingine. Hivyo kila alasiri Honorine alipompeleka Odile kisiwani, Zélie alitoroka kazini, akavuka na Firmin ndani ya kapu la nguo, na chini ya miti ya pale, kati ya wanaume wanaovua samaki na mabibi wenye miavuli, Honorine alimnyonyesha mwanawe kama mwizi. Firmin akaanza kunenepa mapaja. Hakuwa na dawa nyingine duniani.

Mchoraji, Arquet, mwanamume mwekundu wa nywele asiyependa kuzungumza, alikuwa akikaa pale tangu mwanzo wa vuli na ubao wake. Zélie hakuweza kumwacha bila kumtania.

"We bwana, unachora au unadonoa kama kuku?"

"Nadonoa," alijibu, bila kugeuka.

"Na dada yangu umemdonoa?"

"Wote wamo."

Honorine aliruka, titi bado liko nje, akaenda kutazama. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Aliona nukta ya bluu, nukta ya chungwa, nukta ya kijani, kama dengu na mchele vilivyomwagika. Hakuona mtu. Moyo ukamtulia. Alirudi akicheka na kumwambia dada yake, "Huyu mwendawazimu. Hata mama hawezi kunijua mle."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Alilijua alipovuka mlango wa ukumbi wa maonyesho.

Picha, iliyokuzwa kutoka kwenye ubao ule, ilikuwa imetundikwa ukuta wa mwisho, kubwa kama ukuta wenyewe. Na kutoka pale mlangoni, kwa umbali wa ukumbi mzima, nukta zote zilikuwa zimeshikana mikono. Mto uling'aa. Mabibi walisimama wima na miavuli yao, mmoja amemfunga tumbili kamba. Na kwenye kivuli, wazi kama mchana, aliketi yaya mwenye kofia nyeupe, utepe mrefu wa zambarau ukimteremka mgongoni. Mtoto mmoja amelala kwenye nyasi, amefunikwa shali ya Odile. Mwingine alikuwa ananyonya.

Honorine akamkumbatia Odile mbele ya uso wake kama ngao.

Kilichomwokoa kwanza ni desturi ya watu wa mji ule. Kila aliyeingia alikimbilia picha moja kwa moja, akaisogelea kama anayenusa mchuzi, ili azione nukta na kuzicheka. Bibi Delphine alikuwa miongoni mwao, miwani ya mkono machoni.

"Mama, njoo uone," aliita. "Huu ni ugonjwa, si picha."

Lakini Bi Mkubwa hakuja. Magoti yalikuwa yakimuuma. Aliketi kwenye benchi katikati ya ukumbi, akakunja mikono juu ya fimbo yake, akatazama. Macho yake ya uzee hayakuweza tena kusoma gazeti alilolishika, ila kilicho mbali aliweza kukihesabia manyoya.

Honorine alisimama nyuma ya benchi lile na kuutazama ukosi wa yule mama. Aliuona ukikakamaa.

"We mwanamke," Bi Mkubwa alisema polepole, bila kugeuka. "Utepe wa zambarau uliopewa ulipoingia nyumbani, nani aliuchagua dukani?"

"Ni wewe, Bi Mkubwa."

"Nilidhani nimeanza kusahau. Delphine. Hebu njoo hapa. Wewe umezaa watoto wangapi?"

Bibi Delphine akaja, kicheko bado mdomoni. "Maswali gani hayo, mama?"

"Kaa hapa nilipo. Tazama chini ya ule mti. Kisha unihesabie."

Delphine akaketi, akatazama. Honorine aliona kicheko kikimtoka usoni kidogo kidogo, na shavu likipoteza rangi. Hakugeuka kumtazama yaya wake. Hilo lilimtisha Honorine kuliko kelele. Akilini alimwona Firmin amerudishwa kwenye chupa. Aliona kapu la nguo, na jinsi lilivyo dogo, na kwamba lingetosha kwa maziko.

Odile akaanza kulia. Alikuwa na njaa. Alipapasa kifua cha Honorine kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti iliyojaza ukumbi, na watu wakaanza kugeuka.

Bibi Delphine alisikiliza kilio kile. Mtoto wake hakuwahi kukubali chupa, hata ya fedha aliyoletewa na shangazi yake. Na Bi Mkubwa alikuwa akisema kila wiki, mbele ya mume wa Delphine, kwamba nyumba isiyoweza kumchunga yaya haiwezi kulea, na kwamba Odile angekuwa salama zaidi kwake shambani.

Delphine akasimama. "Kisiwa kimejaa yaya, mama. Huyo ni mwingine."

"Mwenye utepe wangu?"

"Mchoraji huyu hajui hata rangi. Njoo uone mwenyewe." Akamshika mkono mama mkwe wake, akamwinua, akamwongoza hatua kwa hatua, kwa upole, mbele zaidi na zaidi, mpaka pua ya Bi Mkubwa ikawa karibu na turubai na macho yake ya uzee yakaogelea kwenye ukungu. "Haya. Sasa nionyeshe yaya yuko wapi. Nionyeshe utepe."

Bi Mkubwa alikodoa. Alipeleka kichwa kushoto, akapeleka kulia.

"Simwoni," alisema mwishoni, kwa hasira.

"Hayupo. Ni nukta."

Nje, Bi Mkubwa alitangulia kwenye gari la farasi akigonga fimbo. Delphine alimsogelea Honorine, aliyekuwa akimnyonyesha Odile kando ya mlango.

"Kisiwani hutarudi tena," alinong'ona. "Umenisikia?"

Honorine alikuwa hajawahi kumbishia mwajiri wake.

"Nimesikia, Bibi. Basi naondoka leo."

"Una wazimu? Na Odile?"

"Na Firmin wangu?"

Delphine alitupia jicho garini. "Mlete kwa mlango wa makaa," alisema. "Wakati mama yuko kanisani. Na akilia mara moja tu, simjui, wala wewe sikujui."

"Mnanong'ona nini nyie wawili?" Bi Mkubwa aliuliza kutoka garini.

"Jua, mama," alisema Delphine. "Tunasema jua limekuwa kali kwa mtoto."

Bi Mkubwa alitoa kichwa dirishani akatazama juu. Mawingu yalikuwa yametanda kutoka paa hadi paa. Akawatazama wao, mmoja baada ya mwingine, kutoka mbali kiasi cha kuwaona vizuri.

"Pandeni," alisema.