Bubu Aingia Silanga

Nthenya Musembi alikuwa fundi wa umeme wa magari, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kushika spana kabla yake. Mama yake, Wanza, aliuza mboga Silanga, sehemu ile ya Kibera iliyo kando ya bwawa, na ni sukuma wiki hizo zilizomsomesha binti yake hadi chuo cha ufundi. Alipohitimu aliajiriwa na kampuni moja ya kuunganisha malori katika eneo la viwanda. Alifunga nyaya za malori kwa miaka, mpaka siku meneja wake, Ambrose, alipomwita ofisini akamwambia kuna kazi mpya ambayo wenzake wote wameikataa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa imetoa pesa za utafiti wa magari yasiyochafua hewa, kwa sharti kwamba chuo kikuu na kampuni binafsi zifanye kazi hiyo bega kwa bega. Chuo kingeleta watafiti, kampuni ingeleta mafundi na vyuma. Wakakubaliana kuunda gari dogo la magurudumu matatu la kubebea mizigo, linalotembea kwa betri, lisiloonja hata tone la petroli. Na kwa kuwa lilikusudiwa mitaa yenye barabara mbovu, karakana haikuwekwa chuoni wala kiwandani. Walikodi nyumba ya mabati Kawangware, upande uitwao Kongo, katikati ya waseremala wa vitanda na wauza mitumba, wakafunga paneli za sola juu ya paa.

Wenzake Nthenya waliikataa kazi ile kwa kuwa waliiona mchezo wa wasomi. Yeye aliikubali kwa sababu alikuwa amechoka kuunganisha vitu vilivyokwisha kufikiriwa na watu wa nchi nyingine. Alitaka, hata kama ni mara moja maishani, kushika kitu tangu kikiwa hakina umbo.

Chuo kilimleta Wekulo, kijana mrefu wa kutoka Bungoma aliyekuwa akisomea shahada ya pili, mpole wa sauti lakini mbishi kupita kiasi. Miezi ya kwanza hawakuelewana. Kampuni ilitaka kitu cha kuuza upesi, chuo kilitaka kila kitu kipimwe na kurudiwa kupimwa. Nthenya akifunga kifaa asubuhi, Wekulo anakifungua mchana akipime. Siku moja Nthenya alimwambia akimaliza kupima betri aje apime na subira yake yeye, kwa maana imebaki kidogo. Wekulo akacheka sana, Nthenya naye akashindwa kununa. Tangu siku hiyo wakawa wanakula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pamoja kwenye kibanda cha Mama Wangoi, mbele ya karakana, na mengi yaliamuliwa pale juu ya benchi. Wekulo alileta hesabu za uzito na nguvu za mota. Nthenya alileta wazo la betri za kuchomoa, ili zilizoisha zitoke na zilizojaa ziingie papo hapo, gari lisikae kutwa likingoja chaji. Kufikia mwisho wa mwaka wa elfu mbili na saba, gari lilikuwa linatembea. Lilipita sokoni bila mngurumo wala moshi, watu wakigeuka wanalikuta mgongoni. Wakazi wa Kongo wakalibatiza jina la Bubu.

Halafu kukaja uchaguzi. Jumapili ile jioni matokeo ya urais yalipotangazwa, Kawangware ilipasuka, na Kibera ikapasuka. Majirani walioazimana chumvi wakaanza kuulizana makabila. Maduka yalivunjwa, reli ya Kibera ikang'olewa, vituo vya petroli vikafungwa. Kibanda cha Mama Wangoi kiliteketezwa kwa sababu ya kabila lake, naye akakimbia na watoto wake hadi karakanani akiwa na sufuria moja mkononi. Wekulo alimfungulia. Vijana walipokuja kuuliza nani yumo ndani, aliwajibu kwa Kibukusu, lugha ya kwao Bungoma, kwamba ndani mna betri na mgeni wake, na kwamba vyote viwili yuko tayari kuvilinda. Walimwangalia, wakaondoka. Nthenya, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango na nyundo, alijua siku hiyo kwamba mtu yule mbishi ni ndugu yake.

Mwaka mpya ulianza mji ukiwa umekufa ganzi. Ndipo simu ikaja kutoka Silanga. Ilikuwa ya Sista Mourine, muuguzi wa zahanati ndogo iliyo karibu na kibanda cha mama yake Nthenya. Alisema dawa za kifua kikuu na za wanaoishi na virusi vya ukimwi zimemwishia, na wagonjwa wake wameanza kukaa bila kumeza. Dawa zenyewe zilikuwa tayari, katika stoo ya misheni hapo hapo Kawangware, lakini hakuna gari lililokubali kuzileta. Ambulensi moja ilijaribu, ikapigwa mawe. Zaidi ya hayo petroli haikupatikana.

"Mama yako ananiambia mna gari halitaki petroli," Sista Mourine alisema. "Sijui ni ukweli ama ni mama tu anajivunia mtoto."

Nthenya akampigia meneja wake. Ambrose alikuwa kwake, sauti yake ikiwa ya mtu ambaye hajalala. Alisema Bubu si wa kampuni peke yake, ni wa watatu, kampuni, chuo na serikali, na yeye hawezi kuwaamulia wengine, aulize chuo. Nthenya akampigia Profesa Shivachi, mkuu wa utafiti, aliyekwama Kakamega. Profesa alisikiliza kwa huruma, kisha akasema chuo hakiwezi kulitoa gari bila kampuni kukubali. Simu ya wizarani iliita tu. Nthenya aliweka simu chini akaona kichekesho chenyewe: mali ya watatu, na katika watatu hao hakuna mwenye mkono wa kuifungulia mlango.

Wekulo alikuwa akisikiliza huku akipangusa betri. Akaiweka chini.

"Wewe ni kampuni, si ndio?" aliuliza mwisho.

"Mimi ni fundi wa kampuni."

"Na mimi ni mwanafunzi wa chuo. Lakini leo hapa hakuna kampuni ingine na hakuna chuo kingine. Sisi wawili tukikubaliana, mradi umekubali."

"Na serikali?"

"Serikali iko na shida zake leo."

Waliondoka asubuhi, makatoni ya dawa waliyoyachukua kwenye stoo ya misheni yamefunikwa kwa turubai, Nthenya kwenye usukani. Mama Wangoi alibaki, akafunga mlango kwa ndani, akawaombea. Walikwenda kwa Naivasha Road wakikwepa mawe na nyaya za matairi yaliyoungua, wakatokea Dagoretti Corner, wakaingia Ngong Road iliyokuwa tupu kama ya siku ya mazishi. Polisi waliwasimamisha, wakafunua turubai, wakawaacha. Kimya cha gari kiliwasaidia: lilipita mbele ya mageti na vichochoro bila kumwita mtu dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza Nthenya kulisikia jiji kutoka ndani ya gari linalotembea. Alisikia ndege, mtoto akilia, na mbali, milio ya bunduki za polisi.

Kizuizi kikubwa walikikuta walipoacha barabara ya Mbagathi kuteremka Kibera. Kundi la vijana lilikuwa limelaza nguzo ya simu barabarani. Kiongozi wao alikuwa mtu mzima kidogo, mwenye mabega ya mchomelea vyuma, waliyemwita Oketch. Wiki hiyo mkubwa mmoja wa Wakamba alikuwa ameingia serikalini, na Wakamba wote wakawa wanatazamwa kwa jicho baya Kibera, na Oketch aliposoma jina la Kikamba kwenye kitambulisho cha Nthenya, aliikaza midomo yake. Mmoja wa vijana akasema hakuna haja ya maneno mengi, wafyonze petroli ya gari kisha walichome kwa petroli hiyo hiyo. Akaenda na mpira na mtungi kutafuta tangi. Akazunguka. Akainama. Akasimama.

"Hii haina tangi," alisema.

Nthenya alishuka. Kulikuwa na kitu ndani yake kilichokataa kuona kazi ile ikichomwa na watu ambao hawajaitazama. Alimwambia Oketch aje aone. Akafunua kiti, akamwonyesha betri, mota, nyaya zilivyofungwa kwa rangi, na jinsi mabomba ya fremu yalivyochomelewa. Oketch alipiga magoti. Alipitisha kidole kwenye maungio, polepole, kama mtu anayesoma.

"Hii mlitoa China?"

"Tumetengeneza Kawangware. Mimi na huyu, na wenzetu."

"Wacha mchezo."

"Angalia hiyo welding vizuri. Nani China anafungia bracket na nati ya sokoni Gikomba?"

Oketch aliangalia. Kisha akainuka akauliza makatoni yana nini, Wekulo akamwambia, akamtajia na zahanati. Oketch hakusema kama anamjua mgonjwa yeyote pale, na Nthenya hakuwahi kujua. Aligeuka tu akawaambia vijana wainue nguzo. Yule mwenye mtungi alipoanza kubisha, Oketch alimwambia kwamba mtu anayechoma kitu cha namna hii kilichotengenezwa na mikono ya watu wa mtaa, huyo ndiye adui. Akatangulia mbele ya Bubu kwa miguu, na kila walipofika kwenye kundi jingine aliinua mkono, wakapita.

Silanga waliingia bila mtu kuwasikia. Sista Mourine alitoka zahanati akalikuta gari limesimama mlangoni, akakaa chini kwenye ngazi akajifunika uso kwa aproni. Wanza alikuja mbio na kanga yake ya kazini ikiwa imejaa udongo wa mboga. Hakumkumbatia binti yake kwanza. Aliweka kiganja juu ya bodi ya gari, akauliza kwa Kikamba kama ndilo hili. Nthenya akamwita mama kwa lugha hiyo hiyo, akajibu, "Ndilo, mwaitu." Hapo ndipo Wanza alipomkumbatia.

Kurudi hakukuwa rahisi. Sista Mourine aliwapa mama mmoja mjamzito aliyekuwa akitokwa na damu, wampeleke hospitali. Kwenye mteremko wa kushuka bwawani, ambao sasa walikuwa wanaupanda, mota ilichemka na gari likasita. Barabara laini za chuoni, walikokuwa wamelipima, hazikuwa na kilima kama kile. Wanza na wanawake wa sokoni walisukuma huku wakiimba pumzi kwa pumzi, Wekulo akipepea mota kwa kifuniko cha katoni, Nthenya akisikiliza kwa vidole joto linavyopungua. Likapanda. Mama yule alifikishwa hospitali, na mtoto akazaliwa mzima.

Jioni hiyo hiyo walikata debe la mafuta ya kupikia, wakalikunja likawa bomba la kuelekeza upepo kwenye mota. Wekulo alipiga hesabu ya upana wa mdomo wa debe, Nthenya akalichomelea. Walipokwenda tena, Bubu alipanda kilima kile bila kusita, na wanawake waliojipanga tayari kusukuma wakabaki mikono hewani, wakacheka. Waliendelea hivyo mpaka wakubwa wa siasa walipopeana mikono mwishoni mwa Februari na barabara zikafunguka. Walibeba dawa, maji, unga, na wagonjwa wengi. Petroli ilirudi, lakini watu wa Silanga waliendelea kumuulizia Bubu.

Machi Ambrose aliitisha kikao. Nthenya alikwenda akijua huenda ndiyo siku yake ya mwisho kazini, na hakutaka kujitetea kwa uongo. Ambrose alikuwa amekasirika kweli. Aliuliza gari lingechomwa nani angelijibia, na wao wakiuawa yeye angewaambia nini wazazi wao. Sauti ilimkatika aliposema hilo la wazazi, na Nthenya akaelewa kwamba hasira ile ilikuwa ya mtu aliyekaa nyumbani akiogopa kwa ajili yao. Profesa Shivachi, aliyekuwa amerudi, alisema yeye naye anaona haya kwa jibu alilotoa kwenye simu. Kisha akapendekeza waache kuzungumza juu ya gari ambalo liko nje, waende walione.

Wakatoka. Nthenya aliwaendesha wote, Wekulo akiwemo, hadi Silanga, akawapandisha kile kilima. Walipofika juu Ambrose alimwomba ashuke tena, apande mara ya pili. Alishika lile debe lililokunjwa, akauliza nani alilifikiria. Wekulo na Nthenya walionyeshana kidole kwa wakati mmoja.

Mradi haukufungwa. Wizara iliongeza muda, chuo kikahamishia majaribio yake yote mitaani, na kampuni ikakubali kuunda magari mengine, yenye bomba la upepo lililotengenezwa kiwandani na machela ya kukunja. Silanga wakapewa kiti katika vikao vya mradi, Sista Mourine akawa anakalia kiti hicho na kuwauliza wahandisi maswali magumu. Nthenya alifanywa mkuu wa karakana ya Kongo. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumjengea Mama Wangoi jiko pembeni ya ua, kwa matofali.

Jumapili moja, kanisani Silanga, wakati wa matangazo, Wanza alisimama. Hakuwa na desturi ya kuongea mbele ya watu. Alisema magari mapya yameanza kupita njia ya bwawa, na kwa vile hayana sauti, wazazi wawafunze watoto kuangalia pande zote mbili kabla ya kuvuka. Mchungaji akamshukuru. Wanza hakukaa.

"Halafu," alisema, "yale magari ni ya mtoto wangu. Na ya wenzake. Nilitaka mjue."

Akaketi, akanyoosha sketi yake magotini, na kanisa zima likapiga makofi.