Kioo Kilichogoma Njia ya Marangu

Tangu Primus anunue gari la Kimarekani kwa mlowezi aliyekuwa akirudi kwao, Marangu haikulala. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri mwanzoni mwa miaka ile ya hamsini, lakini nani mwingine alikuwa na vioo vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza kidude? Cha upande wake kilipoanza kusuasua, alikipaka grisi mwenyewe, tena nyingi, maana fundi gani angemfundisha yeye gari lake.

Siku moja ya mvua, akiwa amempakia mnunuzi wa kahawa, alimkuta mama yake, Mektrida, kando ya barabara na mkungu wa ndizi kichwani. Mama akainua mkono. Primus akasimama, akabonyeza. Kioo kikashuka upana wa kidole, kikaganda. Mama akasogea, midomo ikicheza, maji yakimtiririka usoni. Mgeni akatazama saa. Primus akaonyesha kwa ishara kwamba kioo kimekataa, akaondoa gari. Matope yakaruka mpaka kwenye khanga ya mama.

Kufika jioni kila kihamba, kila mji wa migombani, kilikuwa na habari kwamba mtoto wa Mektrida kamfungia mamaye kioo. Primus alipokwenda kumsalimu, mama hakutoka ndani. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Akateremka Moshi kwa fundi Alawi. Alawi akabandua ubao wa mlango, akachungulia.

"Mota nzima kabisa, Bwana Primus. Tatizo ni grisi yako. Imekunywa vumbi, imekuwa ugali."

Akakwangua mifereji ya kioo kwa kisu, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha na kuinyunyizia pauda. Kioo kikashuka bila kunung'unika. Primus akafurahi, akamsimulia yote, apate walau mtu mmoja wa kumwambia kwamba kosa lilikuwa la kioo.

Alawi alisikiliza huku akifuta mikono. "Na kitasa nacho kiligoma? Nikitazame kabisa, maana nimeshafungua."

"Hapana. Kitasa kizima."

"Basi tukiache," Alawi akasema, akarudishia ubao.

Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kifundi tu. Lakini Primus alirudi mlimani akiwa mdogo. Angeweza kufungua mlango. Alimwonea haya mama yake, na miguu yake mitupu, mbele ya mgeni mwenye viatu. Alijuta, na safari hii hakuwa na kidude cha kusingizia.

Kesho yake alikata jani la sale, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa miguu. Jani hilo la kuombea msamaha Mchagga halikatai. Mama akalipokea kwa mikono miwili.

"Yamekwisha, mwanangu," akasema, akampakulia mtori, na Primus akala akiamini kwamba yamekwisha.

Jumapili Primus akamkuta mama njiani akienda kanisani. Akasimama. Kioo kikateremka chote.

"Shikamoo, mama. Panda twende."

"Marahaba. Tangulia tu, nisije nikakuchafulia kiti."

Jua lilikuwa linawaka, na khanga yake ilikuwa safi, imetoka kupigwa pasi. Primus akashuka, akazunguka gari, akamfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mama akamshika bega, akatabasamu bila kinyongo. Kisha akaupita ule mlango uliokuwa wazi, akaendelea kutembea.