Maji ya Tarehe Kumi na Tisa Aprili

Jumapili ya tarehe 19 Aprili 1998, baada ya misa ya kwanza, Frida alikuwa barazani kwake Katindiuka akipepeta mchele, huku majirani wakipandisha vitu vyake juu ya meza: godoro, gunia la mpunga, redio. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Alizaliwa siku ya mafuriko makubwa ya mwaka sitini na mbili, na kila mwaka tarehe hiyo maji ya Mto Kilombero yalipanda kutoka sakafuni mwake, yakakaa mpaka jioni, kisha yakashuka. Hayakuvuka kizingiti. Yalileta perege na kambale wa kutosha, kwa hiyo watu walizipenda sherehe za Frida.

Tangu mwaka tisini na tatu tarehe hiyo ilikuwa na jambo jingine. Mtumbwi wa injini wa Evaristo ulizama siku hiyo ukitoka ng'ambo ya Ulanga; yeye mwenyewe, aliyekuwa akiuendesha, aliogelea akatoka. Mwaka uliofuata maji ya Frida yalikuja na waliozama. Walikaa kwenye vigoda, nguo zikiwachuruzika, wakala wali kwa samaki, wakauliza habari za mashamba, wakaondoka na maji. Padri alishauri wapewe chakula cha moto.

Kabula, Msukuma aliyeuza maziwa mtaani hapo, naye alifika kila mwaka, akatazama nyuso zao, akarudi nyumbani. Mume wake, Masalu, alikuwa ametumwa na wafugaji wenzake kuwauzia ng'ombe ng'ambo, na hakurudi. Evaristo aliapa kwamba mtumbwi wake haukujaa na hakuna mfugaji aliyepanda. Basi ikasemwa kuwa Masalu ametoroka na mali ya watu. Wafugaji wakachukua ng'ombe waliobaki zizini kwake. Wanawake kisimani wakamwita Kabula mke wa mwizi, na binti yake, Sikitu, akaacha kwenda kuteka maji watu wakiwepo. Evaristo akachaguliwa diwani. Kila tarehe 19 Aprili asubuhi alitaja majina ya marehemu kule kivukoni, kisha mchana akaenda kwa Frida kula samaki.

Mwaka huo mvua za El Nino zilikuwa bado zinanyesha. Maji ya Frida, ambayo kwa kawaida yaliishia kwenye vifundo vya miguu, yalifika magotini. Wageni walikuwa wamekwisha kuanza kula pale Masalu alipotokea chumbani, ameinama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, fimbo mkononi. Alisalimia wakubwa shikamoo. Alieleza kwamba mkondo ulimpeleka mbali kuliko wenzake, na maji ya miaka ya nyuma hayakutosha kumfikisha.

Kabula alimsogezea kigoda, akamnawisha mikono, akampakulia.

"Umechelewa, Baba Sikitu," alisema.

"Njia ilikuwa ndefu."

"Huku wanasema ulitoroka."

Masalu alitafuna akamaliza. Aliwatazama wafugaji wenzake waliokuwa wakila pale, akamtazama na diwani.

"Sikutoroka," alisema. "Nilikaa nyuma, karibu na injini. Nilimwambia Evaristo tumezidi. Akaniambia kaa chini, tunafika sasa hivi."

Marehemu Kristina, aliyekuwa akitoa miiba ya samaki, alisema ni kweli, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. "Ndiye aliyenipakatia kuku wangu."

Marehemu wengine waliitikia kwa vichwa, wakaendelea kula. Mkubwa wa wafugaji alivua kofia, akamwambia Kabula kwamba ng'ombe wake watarudi zizini kesho. Evaristo alisema taarifa hiyo ameipokea na itajadiliwa kwenye kikao. Kisha akaomba chumvi.

Kabula alipanda juu ya meza, pembeni ya godoro, akapiga vigelegele. Miaka mitano hakuwa amepiga. Wanawake wa kisimani waliokuwa mlangoni walisita kidogo, wakaitikia, na sauti ikafika hadi stendi. Sikitu alisimama majini akimshika baba yake mkono mpaka jioni, maji yaliposhuka naye, akiahidi kurudi kwa kuwa sasa njia anaijua.

Ng'ombe walirudi kesho yake, pamoja na ndama waliozaliwa ugenini. Kikao hakikuketi.

Mwaka uliofuata Evaristo alisimama tena kivukoni, mbele ya mtumbwi wake mpya. Alitaja majina yale yale. La Masalu halikuwemo. Mtumbwi, alisema, haukuwa umejaa. Lakini mwaka huo alisema hayo mbele ya watu wachache. Kabula na Sikitu walikuwa wamepita barabarani asubuhi hiyo kwa vitenge vipya, wakisindikizwa na wafugaji na ngoma zao, wakienda kumpokea Masalu. Waliokuwa njiani kuelekea kivukoni waliwapisha, wakasikiliza ngoma kidogo, wakageuza. Frida aliwaona wakija tangu mbali, nusu ya Ifakara, wengi wao wamekwisha kukunja suruali.