Kibao Kisichoazimwa

Lydiah alikuwa na sifa moja hapo Kariobangi, na sifa yenyewe ilikuwa chapati. Si chapati za kuweka mezani watu washibe tu, la! Za Lydiah ukizivuta zinaachana tabaka kwa tabaka, na kesho yake bado laini. Krismasi ikikaribia, wanawake wa nyumba zote za ploti walikuwa wakimbishia mlango: "Mama Wangeci, njoo utuonyeshe mkono." Naye alikuwa akijifanya kulalamika kwamba ana kazi nyingi, mgongo unamuuma, huku viatu ameshavaa.

Kibao chake cha kusukumia alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kilikuwa kizito, cheusi kwa mafuta ya miaka mingi, na hakikuwahi kuona maji. Mama alimwonya kabisa: kibao cha chapati hakioshwi. Unakikwangua kwa kisu, unakipangusa, unakitundika. Ukikiosha kinapasuka, na ladha inaondoka. Lydiah alilishika neno hilo kama amri ya kanisani.

Sasa fikiria mwanamke wa aina hiyo anaambiwa na daktari kwamba mtoto wake wa pekee asiguse ngano tena maisha yake yote.

Wangeci alikuwa na miaka sita, tumbo limefura, miguu myembamba, kuhara hakuishi. Walimtibu minyoo, wakamtibu malaria, wakamwombea. Mwisho daktari mmoja wa watoto akamchunguza kwa siku kadhaa, akasema tumbo la mtoto huyu halipatani na ngano. Chapati, mandazi, mkate, biskuti, yote basi.

"Hata kidogo tu?" Lydiah aliuliza.

"Hata unga uliobaki kwenye vidole, mama," daktari akamjibu.

Lydiah alirudi nyumbani akilia. Kwake yeye ilikuwa ni kama ameambiwa mkono wake ule uliosifiwa ndio uliokuwa ukimmaliza mtoto.

Wangeci akawekwa kwenye ugali, viazi na githeri ya mahindi na maharagwe, na haki ya Mungu akaanza kunawiri. Lakini mtoto ni mtoto. Wenzake wakitoka kioski na pai za moto, yeye anasimama mlangoni anawatazama midomo. Lydiah alikuwa akigeuza uso, maana hakujua la kufanya.

Aliyejua alikuwa jirani wa mlango wa pili, Nthenya, Mama Makau, mke wa Maingi mchonga vinyago. Kabla ya kuolewa Nthenya alikuwa mpishi wa familia moja Parklands, na huko alijifunza kutengeneza pai. Basi akachukua unga wa muhogo na unga wa mchele. Unga kidogo wa muhogo akaukoroga kwa maji yanayochemka mpaka ukanata kama gundi, ndio uushikanishe huo mwingine usiopenda kushikana. Akatia mafuta na yai, akakanda, akasukuma, akajaza ndengu, akakunja. Akaoka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko.

Wangeci alikuja mbio, midomo inang'aa mafuta. "Mama! Mama Makau amenipikia pai! Na tumbo haliumi!"

"Mungu ambariki," Lydiah akasema. Alisema kwa mdomo tu. Ndani roho ilikuwa inamchoma, na yeye mwenyewe alishangaa. Si angefurahi? Mtoto anakula, mtoto anacheka, kwani kuna ubaya gani? Ubaya ulikuwa kwamba si yeye aliyemchekesha.

Tangu siku hiyo nyumba ilijaa Mama Makau. Mtoto akitoka shule, haingii kwao kwanza. Mama Makau amesema hivi, Mama Makau ameniruhusu kukunja mwenyewe, Mama Makau ananukia ndengu. Siku moja Kinyanjui, mumewe Lydiah, akaonja kipande alicholetewa na binti yake. Akatafuna, akafumba macho.

"Huyu mama ana mkono," akasema. "Kweli kweli ana mkono."

Ana mkono! Neno lile lile! Lydiah hakumwongezea chai jioni hiyo, na Kinyanjui, maskini, hata hakujua kosa lake.

Kitu kilichomkera Lydiah kuliko vyote kilikuwa kibao cha Nthenya. Kilikuwa kipya, cha mti mweupe, na Nthenya alikifunga ndani ya leso safi akakitundika kwenye msumari wake peke yake, juu kabisa, pamoja na mti wake wa kusukumia. Ukiingia ghafla anapomaliza kazi, unamkuta anakifunga haraka haraka. Kibao kinafungwa leso kama mtoto mchanga, jamani! Huyu anaringa, Lydiah alijiambia. Na anaficha, asije mtu akajua siri yake.

Ikawa Jumamosi moja kina mama wa kanisa watakuja kwa Lydiah, na chapati zinatakiwa nyingi. Teresiah wa mlango wa ng'ambo ya ua alikuja kumsaidia kusukuma, lakini kibao ni kimoja. Katika ploti watu huazimana kila kitu, kuanzia chumvi mpaka viatu vya kwenda mazishini. Kwa hiyo Lydiah alimeza kiburi chake akaenda mlango wa pili.

"Mama Makau, nisaidie kile kibao chako kipya, nitakirudisha jioni."

Nthenya akasita. "Chukua hiki kingine, Mama Wangeci. Chukua na jiko ukitaka, na sufuria. Lakini kile hakiazimwi."

"Hakiazimwi?"

"Hebu ngoja nikueleze, kile ni cha..."

"Kaa nacho basi!" Lydiah akamkata. "Kaa nacho uzikwe nacho!" Akaondoka akisonya mpaka kwake.

Jioni Nthenya alikuja kubisha. Lydiah, aliyekuwa amesimama wima akipanga vikombe, alimwagiza Wangeci aende aseme mama amelala. Nthenya akarudi na maneno yake.

Hapo ndipo Lydiah alipoamua. Atapika pai mwenyewe! Njia alishaiona, mara ngapi amesimama pale mlangoni kwa Nthenya akijifanya anamwita mtoto, huku macho yakiwa kwenye sufuria? Akaenda sokoni akanunua muhogo mkavu, akautwanga mwenyewe kwenye kinu kipya ili usichanganyike na unga wa watu mashineni. Mchele akautwanga vivyo hivyo. Siku ya kupika hakuruhusu ngano ndani ya nyumba. Alisugua sufuria kwa jivu, akanawa mpaka kwenye viwiko. Kisha akatungua kibao cha mama yake, akakipangusa vizuri kama alivyofundishwa.

Pai za kwanza zilimeguka kabla hazijakunjwa. Zilizofuata zilikuwa ngumu, ungeweza kumpiga nazo mwizi. Lakini Lydiah si mtu wa kushindwa na unga. Akaongeza ile gundi ya muhogo, akapunguza maji, na hatimaye zikatoka nzuri, kingo zimekunjwa, rangi ya dhahabu. Wangeci alikula mbili bila kupumua.

"Tamu?" Lydiah akamuuliza.

"Tamu sana, mama."

"Tamu kama za Mama Makau?"

Mtoto akafikiri, maana alikuwa mtoto msema kweli. "Zinakaribiana."

Zinakaribiana! Lydiah akapika tena kesho yake, na keshokutwa, na siku iliyofuata, akizisaka mpaka zipite za jirani. Lakini wiki haikuisha kabla ya Wangeci kushika tumbo. Kuhara kukarudi, na uso uliokuwa umeanza kujaa ukanywea.

Na Lydiah akajua mara moja ni nani. Si mtoto alikuwa bado anapita kule akitoka shule? Asubuhi akamkuta Nthenya mferejini, wanawake wamepanga ndoo, Teresiah yupo, Jecinta yupo.

"Umemtilia mtoto wangu ngano!" akapaza sauti. "Umeona nimeweza kupika, ukaona umharibu ili nionekane mimi ndiye sijui!"

"Mimi?" Nthenya akasema. "Mimi, Mama Wangeci?"

"Wewe! Usimguse mtoto wangu tena. Kama unataka binti, zaa wako!"

Woi! Hata Jecinta, ambaye hupenda ugomvi wa watu kuliko chai, aliinamisha uso. Nthenya alikuwa na Makau mmoja tu, na ploti nzima ilijua amekuwa akimwomba Mungu mwingine miaka mingi. Alichukua ndoo yake ikiwa haijajaa akaenda zake, na mlango wake ukafungwa.

Lydiah alitembea siku hiyo kama mtu aliyeshinda kesi. Akamfungia Wangeci ndani, akampikia pai asubuhi na jioni apate nguvu. Lakini nguvu hazikuja. Mtoto hakuwa amekanyaga kwa Nthenya hata mara moja, na bado alizidi kudhoofika, mpaka akawa anabebwa kwenda chooni. Kinyanjui akasema kukicha wanarudi hospitali.

Lydiah akampelekea pai moja kitandani. Wangeci akaisukuma.

"Kula, mwanangu. Upone."

"Za kwako zinauma," mtoto akasema kwa sauti ndogo. "Za Mama Makau haziumi. Ni za kwako."

Mkono wa Lydiah uliinuka wenyewe, na afadhali alikumbuka kuushusha. Alitoka akaenda jikoni, akatungua kibao, akaanza kukikwangua kwa hasira, kisu kinakwaruza, kinakwaruza, kikaingia ndani ya ufa wa zamani uliopita katikati. Akauchimba. Unga ukamwagika juu ya vidole vyake, unga mkavu uliogandamana, mwingi. Haukuwa muhogo. Ulikuwa ngano ya Krismasi zote, yake na ya mama yake.

Hata unga uliobaki kwenye vidole, mama.

Akakaa chini sakafuni. Akakumbuka kibao cheupe ndani ya leso, na msumari wake wa peke yake. Kile ni cha... Cha nani? Alishajua cha nani. Na nikuambie ukweli, kitu cha kwanza kilichompata Lydiah hakikuwa aibu. Ulikuwa wivu, mkali kuliko wa kwanza wote: yule mwanamke aliwaza hili kabla yangu. Mtoto nimemzaa mimi, na aliyemwaza mpaka kwenye ufa wa kibao ni yeye.

Aibu ilikuja baadaye, na ndiyo iliyomtoa nje.

Nthenya alifungua mlango, akamwona na ule unga mikononi, akaelewa. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Ni kibao changu," Lydiah akasema. "Mama Makau, ni mimi. Ni mimi niliyekuwa nikimlisha. Na yale maneno ya mferejini..."

"Yale yaliniuma," Nthenya akasema. "Nisikudanganye, yaliniuma sana."

Akaingia ndani. Lydiah akadhani mlango unafungwa. Lakini Nthenya alirudi na ile leso mikononi, kibao na mti wake ndani.

"Maingi alimchongea Wangeci, wiki ile mlipotoka kwa daktari. Hakijawahi kugusa ngano. Shika. Mtoto ni wako."

Lydiah alikipokea. Kilikuwa chepesi. Akaenda nacho kwake, akakilaza mezani, kisha akarudi na kile cheusi cha mama yake, amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Na wewe shika hiki. Kwangu ngano haitaingia tena, wala sisukumi chapati ya mtu. Krismasi watakuja kwako."

"Mimi chapati zangu huwa ngumu, Mama Wangeci."

"Nitakufundisha nikiwa nimekaa mbali. Lakini usikioshe!"

Krismasi ilifika, Wangeci mashavu yamerudi, anakimbia uani na wenzake. Lydiah alikuwa anakanda unga wa muhogo aliposikia sauti ya Teresiah mlango wa pili, na nyingine nyuma yake, zikicheka: "Mama Makau, njoo utuonyeshe mkono!" Roho ilimuuma. Usidhani haikumuuma. Alisimama akisikiliza mpaka zilipoondoka na Nthenya, kisha akafunga dirisha ili unga wa watu usiingie, akarudi kwenye kibao cheupe akamkunjia binti yake pai.