Posa ya Muuaji wa Kukodiwa

Adamu kinyozi alikuwa na mambo mawili mwezi ule, na laiti angekuwa na akili ya kuyatenganisha, nisingekuwa na la kusimulia. La kwanza, barua yake ya posa ilikuwa Kwedizinga, kijiji cha Handeni, nyumbani kwa binti aitwaye Zamda, ikisubiri jibu. La pili, alikuwa muuaji.

Muuaji wa filamu, jamani, msikimbie! Rafiki yake Mathias, mpiga video za harusi pale Korogwe, alichoka kurekodi watu wakilishana keki, akaamua kutengeneza filamu yake mwenyewe. Filamu ya uongo inayojifanya habari ya kweli: mwandishi anamfuata muuaji wa kukodiwa kazini, anamhoji, anawahoji na majirani zake, kana kwamba kuua watu ni kazi kama ya fundi cherehani. Bajeti yenyewe aibu tupu. Kamera ilikuwa simu, kipaza sauti kimefungwa kwenye mpini wa ufagio kwa mpira wa baiskeli, damu ni juisi ya rozela. Maiti wote kumi na wanne alikuwa Godlisten, fundi wa kuchomelea, anabadilishwa shati tu. Adamu akapewa nafasi ya muuaji kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na koti jeusi. Zamda hakuambiwa kitu. Adamu alitaka kumshtukiza filamu ikishatoka.

Mathias aliwafundisha majirani wa kibanda cha kinyozi, nyuma ya soko, maneno ya kusema, kisha akawapa amri. "Mtu yeyote akija kuwauliza habari za Adamu, mjibuni kama tulivyofanya mazoezi. Msicheke. Na msitafute kamera iko wapi, siku nyingine nitaificha, nitamleta na mwulizaji msiyemjua." Watu wa nyuma ya soko hawakuwahi kuwa kwenye filamu. Waliishika amri ile kuliko ahadi zote walizowahi kutoa maishani mwao.

Sasa, Kwedizinga posa haijibiwi hivihivi. Kabla wazee hawajasema ndiyo, humtuma mtu akaulize kimyakimya mwenendo wa muoaji: anaswali? Anakunywa? Kuna mke mwingine kamficha? Na haendi kumwuliza muoaji, thubutu! Anakwenda kwa majirani, maana jirani ndiye anayemjua mtu. Safari hii alitumwa mjomba wake Zamda, Mzee Mustafa, mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma na presha.

Siku aliyofika, Adamu hakuwapo. Alikuwa Mazinde kwenye mashamba ya mkonge, anamzika Godlisten kwa mara ya nane. Aliporudi jioni alimkuta Bibi Getruda, muuza vitumbua wa jirani, anang'aa kwa furaha.

"Adamu mjukuu wangu, leo nimeigiza! Na huyo mwulizaji wenu anajua kazi, jasho lilimtoka la kweli kabisa. Kaniuliza, 'Bibi, huyu kijana Adamu tabia yake ikoje?' Nikamjibu, 'Kijana mzuri sana. Anaua taratibu, hana makelele, na akimaliza anafagia.' Akauliza, 'Na majirani anaishije nao?' Nikamwambia, 'Sisi hana neno nasi, anaua wa mbali tu.' Joyceline wa duka la dawa naye akadakia kwamba mwezi wa Ramadhani Adamu hafanyi kazi hiyo hata umpe nini, anamcha Mungu. Basi yule mzee akaomba maji."

Adamu akamsogelea. "Alivaaje, Bibi?"

"Kofia ya kufuma. Katoka Handeni, kasema, jina Mustafa."

"Bibi, yule si mwigizaji. Yule ni mjomba wake Zamda."

Bibi Getruda akajishika mdomo. "Uwii! Na mimi nimemwonyesha unapowazika!"

Hapo ndipo Adamu alipokaa kwenye kiti chake cha wateja akalia, naam, mwanamume mzima na koti lake jeusi. Alimpenda Zamda kupita kiasi. Tangu siku alipokuja Korogwe kujifunza ushonaji, akapita kibandani akamwambia wazi kwamba kichwa cha mteja wake kimekaa upande, Adamu hakuwa na mwingine moyoni. Alipiga simu ya Zamda siku tatu, haipatikani. Wamemnyang'anya, akajua.

Siku ya nne akapigiwa yeye. Alikuwa Mzee Mdoe, baba yake Zamda, sauti laini kama ya mtu anayemwongelesha nyuki.

"Njoo, baba. Tumekubali. Chochote utakachosema, tumekubali."

Mathias alirukaruka. "Si umeshinda! Unalilia nini tena?"

"Wamekubali kwa hofu," Adamu akasema. "Hapo nitakuwa nimeoa au nimeteka? Unakuja na mimi, na simu yako, ukawaonyeshe kwamba ni filamu. Wewe ndiye uliyeniingiza humu."

Kwedizinga walipokelewa kama wakaguzi. Viti vilifutwa mara mbili, watoto walifungiwa chumbani, ukoo mzima ukasimama. Mzee Mustafa alikaa karibu na mlango na viatu vyake miguuni.

"Wazee wangu, shikamooni," Adamu akaanza. "Mimi siui watu. Mimi ni kinyozi. Yale yalikuwa maneno ya filamu."

Mzee Mdoe akatikisa kichwa harakaharaka. "Naam, kinyozi, kinyozi. Hata polisi wakija, sisi tutasema kinyozi."

"Mathias, waonyeshe!"

Mathias akawasha simu, na mkosi haukosi mwenyewe: kilichotokea kwenye kioo ni Adamu katikati ya mkonge, anachimba, na Godlisten kando yake ameloa rozela. Mama yake Zamda akapiga yowe. Mzee Mustafa akaomba maji tena.

Ndipo pazia likafunguka, Zamda akatoka, macho yamemvimba kwa kilio.

"Ndoa hii ni yangu, niulizwe mimi," akasema. "Huyu namfahamu, au nilidhani namfahamu. Kama kweli anaua, aanze na mimi hapahapa."

Akamtandika Adamu kofi. Ukoo mzima ukafumba macho. Mjomba alikuwa ameshafika uani.

"Samahani, Zamda," Adamu akasema, anajipapasa shavu.

Akamtandika la pili. "Siku nne nimelia! Filamu, usiniambie?"

"Samahani. Nilitaka nikushtukize."

"Umenishtukiza!" Zamda akawageukia wazee, anacheka na machozi yanamtoka. "Haya, mmemwona muuaji wenu? Mimi nimemkubali. Kwa hiari yangu, andikeni."

Vicheko vikalipuka, watoto wakafunguliwa. Adamu alitamani kumkumbatia, akajizuia kwa adabu. Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Mdoe alikuwa amekaa, uso umemshuka.

"Kumbe kinyozi kweli," akasema taratibu. "Maana Mustafa aliporudi na habari zako, hatukuweza kuzificha, si unajua kijiji. Basi kesho yake alfajiri jirani yangu Laurenti aling'oa mikonge ya mpaka akairudisha hatua nane, mahali pake pa haki. Miaka kumi na moja nimemshitaki baraza la kata, wameshindwa. Na ng'ombe hawajaingia kwenye mahindi yangu tangu siku hiyo. Sijawahi kuishi kwa amani namna hii."

Watu wote wakamgeukia Adamu.

"Binti utampata," Mzee Mdoe akaendelea. "Lakini kunyoa, nyoa hukohuko Korogwe. Hapa Kwedizinga wewe ni muuaji."

Adamu akamtazama Zamda, akitumaini atapinga. Zamda akafikiri kidogo. "Mpaka ni wetu kweli," akasema. "Kubali tu, mbona ulikuwa unaigiza bure?"

Akakubali. Angefanyaje, na mke ndiye huyo? Wakasindikizwa mpaka njiani, baba mkwe akitangulia kwa mwendo wa mtu mwenye shamba.

Kwenye mpaka mpya alisimama mzee mwenye ndevu nyeupe, umri wa kumzaa baba yake Adamu, jembe mkononi. Alipomwona kijana wa koti jeusi, jembe likamponyoka. Akavua kofia, akainamisha kichwa mbele ya mtu anayeweza kuwa mjukuu wake.

"Shikamoo," akasema Laurenti.

Adamu alitaka ardhi imfunike kwa aibu. Mbele yake Mzee Mdoe akakohoa mara moja.

"Marahaba," akaitikia Adamu.